Kesho Unaanza Chuo

Mwanangu,

Nakuandikia usiku huu nikiwa kazini. Wazee wote wamelala, isipokuwa yule wa chumba cha mwisho anayependa kupiga kengele. Isome polepole, na mwandiko wangu ukikushinda mwite dada yako.

Jana ulilala na kitambulisho cha chuo shingoni, asubuhi kamba imekuachia alama shavuni. Kwenye picha macho umeyafumba kwa kucheka. Yule kijana wa kamera alitaka kupiga tena, ukamwambia, "Hapana, huyo ni mimi."

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa na miaka 17 tuliitwa shuleni kwenye kikao cha mpango wako wa masomo, ule wa wanafunzi wenye ulemavu wanaouita IEP. Wewe ulikaa dirishani ukihesabu mabasi. Karatasi ilikwisha andikwa: ukimaliza shule utafundishwa kukunja taulo na kupanga bidhaa dukani. Nikauliza, na chuo je? Mmoja wao akatabasamu, wala si kwa ubaya, akasema, "Mama, tuseme ukweli." Nikatia saini. Kukunja taulo si aibu, mimi nazikunja kila usiku. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyekuuliza wewe, hata mimi mamako.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja Mkambodia, pale tunapofulia nguo hapa Lowell. Mwanawe ana ulemavu wa akili kama wewe. Tukingojea mashine zimalize, kwa Kiingereza chake na changu, vyote vya kuungaunga, akanieleza kwamba jimbo letu hili la Massachusetts lina sheria. Tangu 2007 vyuo vichache vilikuwa vikipokea wanafunzi kama wewe kwa ruzuku za jimbo, na ruzuku ni kitu cha kuombwa upya kila bajeti. Wazazi wakalisumbua bunge la Boston miaka na miaka, hadi Julai 2022 Gavana Charlie Baker akaitia saini sheria hiyo. Sasa chuo cha umma hakiwezi kukufungia mlango eti huna cheti cha sekondari au hukufaulu mtihani wa jimbo. Unakaa darasa moja na wanafunzi wengine, ama unafanya somo kwa alama, ama unasikiliza tu, na una kocha wa masomo wa kukushika mkono. Na kwa kuwa hujatimiza miaka 22, shule yako bado ina wajibu kwako.

Shahada haikuahidiwa, kwa hiyo usimsikilize shangazi yako anayekuita "daktari" kwenye simu. Na ukihama jimbo, sheria hii haikufuati. Florida walitunga yao 2016, wakaweka na kituo maalumu pale Chuo Kikuu cha Central Florida, Orlando. Serikali kuu ya Marekani nayo, kwa sheria ya 2008, inaruhusu mwanafunzi kama wewe kupata ruzuku ya Pell, ule msaada wa masomo kwa wasio na uwezo, hata bila cheti, mradi programu yake iwe imeidhinishwa. Mikopo hapana. Alhamdulillahi, madeni tunayo ya kutosha.

Nimemkumbuka mjomba wako, naye alikuwa kama wewe, Mungu amrehemu. Alijua kila jahazi lililoingia bandari ya kale Mombasa, akiliona kwa mbali tu anakutajia nahodha wake. Kwetu chuo ni pale watoto wanaposoma Kurani, na hata huko mwalimu alimrudisha siku ya pili. Bibi yako hakulalamika. Angemlalamikia nani, na kwa karatasi gani?

Wewe karatasi unayo. Nakujua, utamshukuru dereva, utamshukuru bawabu, utamshukuru na aliyekukanyaga mguu. Shukuru, hiyo ni adabu yetu. Ila mtu akikuuliza umeingiaje hapa, usimwambie umesaidiwa. Mwambie umesajiliwa.

Basi ni la saa mbili kasorobo, unashuka kituo cha saba. Mara ya mwisho tulipofanya mazoezi ulinishusha mimi niliyekuwa nikitaka kushuka cha sita, kwa hiyo la kituo sina wasiwasi. Chakula kiko kwenye friji, bakuli la kifuniko cha kijani. Nimekaza, lakini libebe wima. Mchuzi ukimwagika usinipigie simu, nitakuwa nimelala. Omba tishu kwa aliyekaa karibu nawe.

Mamako