Barua kwa vijana wangu mnaoandika keneli: zile nondo za juu ya paa

Vijana wangu,

Nimesoma msimbo mlionitumia, ule wa kisanduku cha kusoma mita za maji. Ni kazi safi. Ila mwito wenu wa mfumo, yaani ombi ambalo programu huipelekea keneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, unapokea vitu viwili tu: namba ya mita na mahali pa kuweka jibu. Nilipouliza bendera ziko wapi, zile biti za 0 au 1 za kuwashia na kuzimia chaguo za mwito, mmoja wenu alinijibu, "Mzee, tukizihitaji tutaongeza." Ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani, kwa sababu najua si ninyi peke yenu mnaosema hivyo.

Mtaongeza wapi? Mwito ukishaanza kutumika hauguswi tena, maana kuna programu ya mtu iliyokompailiwa zamani inayouita vilevile kila siku. Ndiyo sababu keneli ya Linux ina miito ya jozi jozi: pipe na pipe2, dup2 na dup3, accept na accept4. Hao wadogo watatu, wa pili katika kila jozi, walizaliwa 2008, na kisa chao kilikuwa kidogo tu. Uzi mmoja wa programu, yaani mkondo mmoja wa kazi zake, unafungua faili, kisha kwa hatua ya pili unaitia alama kwamba ifungwe programu nyingine ikianzishwa. Kati ya hatua hizo mbili, uzi wa pili unafanya fork na exec, yaani unazaa mtoto na kumwanzishia programu nyingine, na mtoto anaondoka na faili isiyo yake. Alama ilitakiwa iwekwe palepale faili inapofunguliwa, na miito ya zamani haikuwa na pa kuipokelea.

Basi wekeni bendera, hata kama leo zote ni sifuri. Lakini kuziweka tu hakutoshi. Sasa tazameni nyumba za Githurai, pembeni mwa Nairobi. Mwenye nyumba akimaliza ghorofa ya tatu huacha nondo zimechomoza juu ya slebu, ajenge ya nne akipata pesa. Wapangaji nao hufunga kamba za nguo kwenye nondo hizo. Siku fundi anaporudi na saruji, nondo ni za mama Njeri na shuka zake, na ugomvi unaanza.

Hilo lilinipata mimi. Niliandika draiva, programu ya kuendesha kifaa, ya mteja mmoja, nikaweka bendera na kutumia biti mbili, hizo nyingine sikuzikagua. Miaka ikapita. Nikaipa biti ya tatu kazi: futa rekodi baada ya kusoma. Kumbe programu moja ya mteja ilikuwa ikipitisha, mahali pa bendera, kigezo ambacho hakuna aliyekipa thamani, takataka tupu kutoka kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya programu, na mara nyingine biti ya tatu ilikuwa imewaka. Jumatatu asubuhi nikaitwa Industrial Area, rekodi za wikendi nzima hazipo. Nililala pale kwenye kiti siku mbili. Kosa lilikuwa langu, si lao.

Hata wakubwa walikanyaga hapo. open ya Linux, mwito wa kufungua faili, hunyamazia biti isiyoijua. O_TMPFILE, bendera ya kuunda faili ya muda, ilipoingia 2013, ilibidi ibebe ndani yake biti ya O_DIRECTORY, ile inayodai saraka, ili keneli za zamani zikatae badala ya kufungua kitu kingine kimyakimya. Ujanja mzuri, lakini ni wa mtu aliyebanwa. Dawa ikaja na openat2, mdogo wake open, mwaka 2020: biti isiyojulikana inarudishiwa EINVAL, yaani kosa la "ombi si halali".

Mtasikia pia habari za clone3 ya 2019, inayopokea muundo mzima pamoja na ukubwa wake kwa sababu clone, mwito wa kuzaa mtoto, iliishiwa na biti. Kwa mita za maji msijisumbue na hayo, biti 32 zitawatosha.

Nitapita kwenu Jumamosi baada ya saa nane. Nionyesheni mstari unaokataa biti msizozijua, na jaribio linalopitisha biti zote 32 moja baada ya nyingine. Chai nitanunua mimi.

Mzee wenu