Si uvivu, ni saa za kulala

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwenzetu aliyeandika kwenye safu yenu ya safari kwamba watu wa visiwa vya Ugiriki ni wavivu, eti alifika kijijini saa tisa alasiri akakuta maduka yote yamefungwa. Saa tisa alitaka akute nini? Mimi ni baharia mstaafu, nimeoa Filoti, kijiji cha kisiwa cha Naxos, na mwisho huu wa Agosti viganja vyangu vina malengelenge.

Mama mkwe hunigongea dirisha saa kumi na moja alfajiri. Twatoka na ndoo kuchuma tini kabla jua halijachomoza, maana likishachomoza nyigu nao huja kudai haki yao. Ile tini iliyonona, ambayo mimi ningeila papo hapo, yeye haitaki. Ya kuanika ni ile iliyokwisha kusinyaa shingo na kuinama yenyewe mtini. Tunazipasua, tunazitandaza kwenye paa bapa la nyumba juu ya matete, kila siku tunazigeuza, na magharibi tunazifunika shuka zisipate umande. Mwaka jana nilisahau kufunika usiku mmoja. Nasimangwa hadi leo.

Ikifika saa sita mchana mtu ameshafanya kazi kwa muda wa saa saba. Anakula, analala. Na si desturi tu: kiangazi, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu, kanuni za polisi zinakataza kelele. Mwaka wangu wa kwanza nilipigilia msumari saa kumi. Jirani akatoka na fulana ya ndani, hakusema neno, akasimama ananitazama mpaka nikaweka nyundo chini.

Usiku ndio watu hutoka. Watoto wako uwanjani hadi saa sita, wazee chini ya ule mti mkubwa wanacheza tavli, mchezo wa ubao wa kete na dadu, huku wakizungusha komboloi vidoleni. Kwa mbali utadhani ni tasbihi, kumbe hakuna dhikri, ni kuchezesha mkono tu. Na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, ambaye kanisa letu ni lake, fidla na lauto, ala ya nyuzi kama udi, hazinyamazi mpaka kunakucha, na kesho yake tena.

Baada ya hapo wana wa kijiji wanaoishi Athens hufunga mizigo, ikiwa meltemi itawaruhusu. Huu ni upepo wa kaskazini, ndugu yake kaskazi, ila wenyewe huvuma kiangazi cha huku, katikati ya mwaka, mbingu nyeupe bila wingu. Ukizidi, meli za Piraeus, bandari ya Athens, huzuiwa zisisafiri. Safari hii shemeji yangu alikwama siku mbili. Mama mkwe akampa ndoo.

Mwandishi wenu naye akija tena, ndoo ya tatu ipo.

Msomaji wenu,
Filoti, Naxos