Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: gari la umeme lililotumika liuzwe pamoja na kipimo cha betri

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Uyole, Mbeya. Mwaka 2023 nilitumia sehemu ya kiinua mgongo changu kununua, katika yadi moja ya Dar es Salaam, gari dogo la umeme lililotengenezwa mwaka 2014, lenye betri ya kilowati-saa 24. Dashibodi ilionyesha vijiti vyote 12 vya uwezo wa betri, na kwenye risiti muuzaji aliandika kwa mkono: "betri dhamana miezi 12." Gari lililetwa Mbeya juu ya lori.

Miezi miwili haijaisha, vijiti vilibaki 8. Tulikwenda Tukuyu, tukachaji usiku kucha kwa mdogo wangu, lakini wakati wa kurudi, katika mwinuko wa kutoka Kiwira kuelekea Isyonje, chaji ilituishia, na mke wangu akakaa barabarani kwenye ukungu hadi usiku tukisubiri gari la kutuvuta.

Muuzaji alinijibu kwamba hiyo ni baridi ya Mbeya. Ni kweli kwamba baridi ya Juni na Julai hupunguza umbali, kwa kuwa kemia ndani ya seli hufanya kazi polepole, lakini upungufu huo ni wa muda na hurudi hewa ikipata joto. Kwangu Novemba ilifika na hakuna kilichorudi. Kinachochakaza betri ya lithiamu kwa kudumu ni umri, joto, na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa chaji, na kwa hilo la joto, milima yetu ina nafuu kuliko pwani.

Fundi aliyelipima alikuta betri imebaki na asilimia 63 ya uwezo wake wa awali. Alinieleza jambo ambalo naomba ulizingatie sana: kompyuta inayosimamia betri inaweza kufutwa kumbukumbu, nayo ikaonyesha betri nzima kwa wiki kadhaa mpaka ijifunze upya hali halisi. Sijui kama ndivyo ilivyofanywa kwenye gari langu, wala simtuhumu mtu.

Nilipodai dhamana, niliambiwa kwamba inahusu betri isiyopokea chaji kabisa, na kwamba hata hivyo nilipeleke gari Dar es Salaam kwa gharama yangu. Kuhusu watengenezaji, wengi hutoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwa betri, na mara nyingi haivuki mipaka ya nchi gari lilikouzwa mara ya kwanza. Kwa gari langu miaka hiyo ilikuwa imekwisha, na hilo nalikubali. Betri kuzeeka si kosa la mtu. Ninacholalamikia ni kuuziwa uzee huo bila kuambiwa.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, lakini mnunuzi asiye na kipimo cha siku ya mauzo atathibitisha nini? Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni ya kiufundi inayotaka betri za magari mapya ya abiria zibaki na asilimia 80 baada ya miaka 5 au kilomita 100,000, na asilimia 70 baada ya miaka 8 au kilomita 160,000. Kwa hiyo uwezo wa betri ni jambo linalopimika.

Naomba kila gari la umeme lililotumika lisiuzwe bila hati iliyogongwa muhuri inayotaja asilimia ya uwezo uliobaki kwenye betri, na ipatikane kwa kuijaza betri, kuitumia hadi iishe na kuhesabu nishati iliyotoka, wala isisomwe kwenye dashibodi. Naomba pia anayeandika "dhamana ya betri" alazimike kutaja ni chini ya asilimia ngapi atawajibika, na ni wapi mteja wa Mbeya, Njombe au Sumbawanga atahudumiwa. Gari langu lipo nyumbani, na niko tayari lipimwe na afisa yeyote utakayemtuma.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Uyole, Mbeya