Niliwatoa wapangaji wangu kwa pesa ya mkupuo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyewashauri wastaafu watie kiinua mgongo chote kwenye vyumba vya kupangisha, eti pesa inaingia mtu amelala. Mimi ni mstaafu wa reli, nakaa Isevya hapa Tabora. Nina vyumba vinane uani, vinne kila upande, choo na bafu nyuma, mwembe katikati. Pesa yangu iliingia nimelala kweli, na ikatoka nimelala vilevile.

Mpaka mwaka juzi kila chumba kilikuwa Sh40,000 kwa mwezi. Nilikuwa na wanafunzi wa chuo, muuguzi wa hospitali ya Kitete, vijana wa bodaboda, na mama mmoja muuza vitumbua aliyekaa kwangu miaka sita. Wengine walilipa miezi mitatu mitatu. Huyu mama hakuweza. Alileta mwezi mmoja mmoja, tena mara nyingine nusu tarehe tano na nusu iliyobaki katikati ya mwezi, noti za elfu mbili mbili zinanuka mafuta. Mwanangu alikuwa akisema, "Baba, huyu anakulipa kama anaweka kibubu." Lakini katika miaka sita hakuwahi kuruka mwezi hata mmoja.

Ndipo akaja dalali. Kuna kampuni, akasema, inabeba kokoto za reli ya kisasa, inataka uwanja mzima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Sh55,000 kwa chumba, mkataba wa mwaka, miezi sita inalipwa papo hapo. Nikapiga hesabu kwa kidole juu ya meza: vyumba vinane mara 55,000 mara sita, Sh2,640,000. Kwa umri wangu, pesa kama hiyo kwa mkupuo mara ya mwisho niliiona siku nilipostaafu.

Niliwapa wapangaji wangu notisi ya mwezi mmoja. Mama wa vitumbua alisikiliza, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Haya baba. Nyumba ni yako." Basi. Afadhali angenitukana.

Siku ya malipo ikaingia Sh2,376,000. Nikapiga simu kuuliza pungufu. Karani wao akanijibu, "Mzee, tumekata kodi kwenye kodi." Hapa lugha yetu ina mzaha wake, maana anachodai mwenye nyumba na anachodai TRA vyote tunaviita kodi. Sikuwa nimeibiwa. Mfanyabiashara akipanga nyumba anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, na cheti cha zuio walinipa. Kosa ni langu kuhesabu pesa kabla ya zuio. Dalali naye akataka Sh200,000 yake.

Wanaume wanne wakawekwa kila chumba. Zidisha mwenyewe, kisha ukumbuke kwamba choo kilikuwa kimoja. Kabla mwezi wa tatu haujaisha nikawa naita gari la majitaka. Sakafu zikalowa oili, vitasa vikabadilishwa bila kuniuliza, na mtu mmoja, sijui nani, alipigilia msumari wa nchi sita kwenye mwembe akafungia kamba ya kuanikia maturubai.

Mwezi wa sita wakahamishiwa kambi nyingine. Nikatoa mkataba nionyeshe kwamba ni wa mwaka. Kipengele cha tano kilisema upande wowote unaweza kuuvunja baada ya miezi sita kwa notisi ya siku thelathini, na notisi walikuwa wameileta mapema, nikaipokea nikidhani ni barua ya mambo ya maji. Mimi niliyesoma ratiba za treni miaka yote ile sikusoma kurasa mbili.

Matengenezo yalinila Sh610,000. Mwezi wa kwanza baada ya hapo hakuna aliyepanga, wa pili vyumba vitatu, wa tatu vitano, wote kwa bei ya zamani. Kwa miezi tisa yote mkononi nilibaki na Sh1,886,000. Wapangaji wangu wa zamani, hata nikitoa miezi mitatu ya kijana mmoja wa bodaboda aliyezoea kunidai subira, wangenipa Sh2,760,000. Tofauti ni Sh874,000, na hapo sijaugusa mwembe.

Ndugu msomaji, wewe ulizidisha pango mara kumi na mbili ukaishia hapo. Mkopo sikuchukua, namshukuru Mungu, kwa hiyo hilo sisemi. Lakini hata mambo madogo yanataka macho. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida kama yangu sasa ni Sh1,500 kwa mwezi. Mita yangu ni moja kwa uwanja mzima, hivyo anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Ilifika mahali kila mtu anamtegea mwenzake na watu wanalala gizani tarehe mosi. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Siku hizi nimetundika daftari kwenye msumari mlangoni (ndio ule wa mwembe, nimeung'oa): aliyekatwa anaandika, nami nampunguzia Sh1,500 kwenye pango lake. Ugomvi umeisha.

Sasa vyumba saba vina watu. Wiki iliyopita mama wa vitumbua alipita kwangu, akaamkia, akauliza kama chumba chake cha zamani kimepata mtu. Hakijapata. Akasema anaweza kuja mwisho wa mwezi, kwa malipo yake yaleyale ya mwezi mmoja mmoja. Jana dalali yuleyule amenipigia: ana kijana anayelipa miezi sita taslimu kwa Sh45,000, anataka kuingia Jumamosi. Mwanangu anasema nikikataa nimezeeka kweli. Nimemwambia dalali chumba kina mtu, na ufunguo nimeupeleka sokoni mwenyewe.

Mstaafu wa reli,
Isevya, Tabora