Shukrani kwa mzee wa mbuzi, njia ya Loiyangalani

Sisi wanachama wa klabu ya magari ya foo-baifoo (yanayovuta kwa magurudumu yote manne) tunamshukuru mzee mmoja ambaye jina lake hatukulipata. Tulikuwa tumepita South Horr, kaskazini mwa Kenya, tukielekea Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, kwenye yale mawe meusi ya volkano. Tulishapunguza upepo wa matairi, lakini gari la tatu likachanika tairi ubavuni, pasipozibika, kisha difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli, chini ya gari) ikakalia jiwe. Jeki nayo ikawa inateleza kila tukiipandisha.

Mzee aliacha mbuzi wake akaja. Hakusema mengi. Alichagua jiwe bapa la kuwekea jeki, akatupa kando lile tulilolipenda sisi (lilikuwa legevu, tungejuta), akajaza mengine chini ya gurudumu. Halafu akasimama mbele, akimwelekeza dereva kwa fimbo: kulia, polepole, simama. Na upepo wa kule mnaujua, hata kupiga kelele hamsikilizani.

Pesa alikataa. Alichukua maji, majani ya chai na lile tairi bovu, akasema litatoa akala za watu kadhaa.

Asante sana, mzee wetu. Wenzetu mtakaopita huko, mkimkuta tusalimieni.