Reli chini ya jukwaa

Kumamoto, Japani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku mimi mzima, baridi imeanza kulegea, hofu ni kwenu tu. Habari za ada na viza nitampigia Mama. Hii ya leo ni ya reli, kwa hiyo ni yako.

Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Yamaga, mji mdogo wa chemchemi za maji moto kaskazini mwa hapa, kutazama ukumbi wa kabuki, yaani maigizo ya jadi ya Kijapani, uitwao Yachiyo-za. Kuna njia ya baiskeli, na sehemu yake imepita juu ya tuta la reli iliyofungwa mwaka 1965. Wewe ungelijua tuta hilo bila kuambiwa: halina mlima wa ghafla, na kona zake ni ndefu, za treni. Nilipita Ueki, wanakolima matikiti ndani ya mabanda ya plastiki, nikafika Yamaga miguu inatetemeka.

Ukumbi wenyewe ni wa mbao, paa la vigae. Wafanyabiashara wa mji waliunda ushirika, wakauziana hisa kwa yen 30 kila moja, wakaujenga mwaka 1910. Unavua viatu mlangoni, unakaa chini kwenye vyumba vidogo vilivyotengwa kwa mbao, familia na familia. Dari yote ni matangazo ya maduka, yamechorwa kwa rangi kali. Ukichoka na mchezo unainua macho unasoma nani anauza nini. Wenye hisa hawakuacha nafasi ipotee!

Baadaye sinema na televisheni viliwachukua watazamaji, paa likavuja. Walioanza kuuokoa ni wazee wa mji, kwa mchango wa vigae. Mwaka 1988 serikali ikautambua kuwa urithi wa taifa, na ukarabati mkubwa ukaisha 2001.

Sasa sikiliza. Wanakuruhusu kushuka chini ya jukwaa. Katikati ya jukwaa kuna duara linalozunguka, lisilo na mota: watu husimama humo chini gizani, wanasukuma kwa mabega, na huku juu nyumba inageuka kuwa msitu. Ni ile meza ya kugeuzia vichwa vya treni za mvuke uliyokuwa ukitusimulia, Baba, ila juu yake wanasimama waigizaji. Na duara hilo linatembea juu ya reli ya Kijerumani, kutoka kiwanda cha Krupp. Wajerumani walifikisha reli Tabora mwaka 1912, kwa hiyo chuma hiki ni rika la kile chako. Nilikigusa. Kimesuguliwa kikang'aa.

Kisha nikaoga kwenye bafu la umma, maji moto, wanaume wote uchi pamoja. Hilo tuliache.

Mzee anayetembeza wageni ukumbini nilimwambia kazi yako ya reli, akanishika mkono asiuachie. Anauliza: nyinyi meza yenu mlikuwa mkiisukuma mkiwa watu wangapi, na grisi mlipaka wapi? Nimemwahidi jibu, tafadhali niandikie kwa urefu.

Mwanao,
Hamisi