Mama, hawa watu wa huku wanatembea wanaenda wapi

Mama shikamoo, na baba mpe shikamoo yangu, wadogo zangu wote nawasalimu, mimi mzima tu namshukuru Mungu, baridi imepungua na kazi inaendelea.

Siku ile kwenye simu uliniuliza hao wazungu wanaotembea kutwa nzima milimani wanaenda wapi, netiweki ikakata kabla sijakujibu, sasa acha nikuandikie vizuri halafu dada akusomee. Jibu ni kwamba hawaendi popote mama, wanatembea tu. Hata mi mwanzo nilishangaa, mtu mzima anaamka Jumapili anavaa buti anabeba chupa ya chai na mkate wake anaenda kupanda mlima na jioni anarudi mikono mitupu, lakini sasa na mimi ni mmoja wao, nikikosa Jumapili moja naiona wiki ndefu.

Tunakutana stesheni hapa Sheffield, Uingereza, saa tatu asubuhi, tunapanda treni ya kwenda kijiji cha Edale, nusu saa tu hivi, ukishuka tayari uko katikati ya milima. Wengi kwenye chama chetu cha watembeaji ni wastaafu, kuna mabibi wamepita miaka sabini wanapanda kwa fimbo zao mbili wala hawahemi. Anakuwepo kiongozi mwenye ramani, na kuna mwingine kazi yake ni kuwa wa mwisho, yeye hampiti mtu yeyote hata ukitembea polepole vipi, na kila njia inapogawanyika wa mbele wanasubiri mpaka yeye afike ndipo tunaendelea. Hicho kitu kilinigusa sana, kwa sababu kazini huku kila mtu na lake, ukichelewa umeachwa.

Halafu kuna zile kuta za mawe, zimepangwa mawe matupu bila saruji na zinapanda mpaka juu mlimani kutenganisha kondoo wa huyu na wa yule. Njia inapokutana na ukuta wamechomeka mawe marefu yanatokeza kama vidato, unakanyaga, unavuka, unashuka upande wa pili, ila anavuka mtu mmoja mmoja kwa hiyo tunapanga foleni. Sasa uliyekuwa unaongea naye anatangulia, ukishuka unajikuta na mwingine mnaanza stori nyingine, na hivyo hivyo kila ukuta, mpaka jioni umeongea na karibu kila mtu. Mimi niliyekuwa namaliza wiki nzima naongea na wagonjwa tu kwenye nyumba ya wazee, sasa nina watu wanaoniuliza mama yako anaendeleaje mguu.

Lakini kinachonifanya niandike barua ndefu ni njia zenyewe. Yaani mama tunapita katikati ya mashamba ya watu kabisa, kondoo wa mtu wako hapa, nyasi zake hapa, kuna mshale wa njano kwenye nguzo na hakuna wa kukuuliza, masharti ni ufunge geti ulilofungua na mbwa umshike karibu nawe asisumbue kondoo. Shamba la mwenyewe lakini njia ya watu wote. Mkulima akilima juu ya njia iliyokatiza shamba lake, sheria inampa siku 14 airudishe ipitike.

Na haikuja bure. Huo mlima tunaopanda sana unaitwa Kinder Scout, zamani ulikuwa wa mtukufu mmoja, Duke wa Devonshire, umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege fulani kama kwale, na wafanyakazi wa viwandani Manchester na Sheffield, wenye siku moja tu ya kupumzika na kutoka kwenye moshi wa viwanda, wakawa wanafukuzwa na walinzi. Basi Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932 wakapanda kwa pamoja, watu kama 400 hivi, mmoja wa viongozi wao kijana wa miaka 20 tu anaitwa Benny Rothman, wakashikana na walinzi na vijana watano wakafungwa jela. Wenzao hawakunyamaza, 1935 kikaanzishwa chama cha nchi nzima cha watembeaji, na 1951 eneo hilohilo likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Mwaka 2002 mjukuu wa yule Duke akaja akaomba radhi mbele ya watu. Bibi mmoja wa wale wa fimbo mbili ndiye aliyenisimulia, tumesimama upepo unatupiga, na jinsi alivyokuwa anasema utadhani ni jana.

Nikakumbuka njia yetu ya kisimani. Dada aliniambia yule aliyenunua shamba la chini kaweka seng'enge na sasa mnazunguka mpaka barabarani na ndoo kichwani, wewe na mguu wako huo. Mama imeniuma. Huku watu wakipita mahali miaka 20 waziwazi bila kukatazwa, inahesabika ni njia ya umma. Ya huku ni ya huku, ya kwetu mwenyekiti na ofisi ya kata ndio wataisema, lakini ile njia hata bibi yetu aliipita akiwa msichana. Naomba baba awakusanye wazee wanaoikumbuka, waandike majina yao, waende kwa mwenyekiti wote pamoja asiende peke yake, na waende mapema kabla watoto hawajazoea kuzunguka. Na wasigombane na huyo jamaa, huenda hata aliyemuuzia hakumwambia kama pana njia, wamwombe aache upenyo wa mtu na ndoo yake, geti dogo la kujifunga lenyewe linatosha na ng'ombe hawataingia. Nikipata picha nzuri ya mageti ya huku nitamtumia dada WhatsApp amuonyeshe fundi.

Hela ya dawa ya mguu nimetuma kwa dada pamoja na ya karatasi na nauli ya baba kwenda kata. Jumapili nitapiga nikirudi matembezini, kwenu itakuwa usiku kidogo, usilale.

Mwanao